Kazi ya Pinde Yaweza Kuwa Biashara
Somo kwa mafundi wa Kwale, Diani na Msambweni

Katika vijiji vya Kwale, toka Tiwi na Diani hadi Msambweni, na huko bara ya Kinango, wako bado watu wajuao kuchonga upinde. Wengi wao hawaifanyi kazi hiyo kwa kutafuta riziki. Ni wakulima, wavuvi, wagema, au vijana waajiriwa wa mahoteli. Jioni wapatapo nafasi huchukua mti na kisu, wakachonga upinde wa kuchezea watoto au wa kutundika ukutani. Jirani akiutaka hupewa, naye hushukuru kwa maneno au kwa nazi mbili tatu. Kazi hiyo ni ya mapenzi, nayo ina heshima yake. Lakini wengi huuliza: je, mikono iliyo hodari namna hii haiwezi kumlipia mtu karo za watoto wake?

Jibu ni kwamba yaweza, bali si bila masharti. Mtu achongaye kwa mapenzi huhesabu pinde alizozimaliza tu. Mfanya biashara huhesabu pia zilizovunjika, siku zilizopita, na miti iliyobaki shambani. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowafanya mafundi wengine wapate faida, na wengine, wenye ujuzi ule ule, wafanye kazi mwaka mzima wakabaki mikono mitupu.

UPINDE ULITEGEMEA UWINDAJI

Zamani upinde, ambao wazee huuita pia uta, ulikuwa chombo cha ulinzi na cha kitoweo kwa Wamijikenda wote. Lakini waliosifiwa kupita wote katika nchi ya nyuma ya pwani ni Waata, watu wa nyika ya Tsavo. Pinde zao ndefu zilitaka nguvu ya ratili 100 na zaidi kuzivuta, yaani zaidi ya kilo 45, hata wageni wenye misuli walishindwa. Kwa pinde hizo na mishale yenye sumu waliwaangusha ndovu.

Mbuga ya Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, uwindaji wao ulihesabiwa kuwa ni ujangili. Katika miaka ya 1956 na 1957 ikafanywa kampeni kubwa ya kuukomesha, na wawindaji wengi wakafungwa. Mwaka 1977 uwindaji wa wanyama wa pori ukapigwa marufuku katika Kenya nzima. Watu hawakusahau mara moja jinsi ya kuchonga, lakini sababu ya kuchonga iliondoka. Mzee asipokuwa na sababu ya kumfundisha kijana, na kijana asipokuwa na sababu ya kujifunza, ujuzi huenda kaburini pamoja na mwenyewe.

Hapo pana fundisho kubwa. Ufundi uliofungwa katika matumizi moja hufa matumizi hayo yakikoma. Atakaye upinde uishi hana budi kuutafutia kazi mpya iliyo halali: mchezo wa kulenga shabaha, mafundisho, na pambo la nyumbani.

Mahali pengine duniani jambo hilo limefanyika. Katika nchi ya Bhutan, huko Asia, kulenga kwa mishale ni mchezo wa taifa, na upinde wa jadi wa mwanzi wachongwa hata leo kwa sababu vijiji hushindana. Katika michezo ya Olimpiki kulenga kwa mishale kulirudishwa mwaka 1972. Kenya nayo imewakilishwa huko: mwaka 2016, katika michezo ya Rio de Janeiro, mlengaji Shehzana Anwar ndiye aliyeishika bendera ya Kenya mbele ya wanamichezo wenzake. Ni kweli ya kuwa pinde za Olimpiki ni za viwandani. Hata hivyo yako mashindano yenye daraja la pinde ndefu za mti, ambamo mishale pia hupaswa kuwa ya mti.

MFANO WA WACHONGAJI WA KIKAMBA

Msomaji asidhani kwamba kugeuza ufundi wa kijijini kuwa biashara ni ndoto. Mfano mzuri upo karibu, kule Changamwe, Mombasa. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Ukamba, alikuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, akaona jinsi wachongaji wa huko walivyouza vinyago. Aliporudi kwao akaanza kuchonga vya kuuza, na wengine wakamfuata. Baadaye Wakamba wakafika Mombasa na ufundi wao, na mwaka 1963 wakaunda chama chao cha ushirika pale Changamwe, ambacho kimewapa kazi wachongaji wengi.

Chama hicho kiliwapa wachongaji vitu vitatu ambavyo mtu mmoja hawezi kujipatia kwa urahisi: mahali pamoja pa kufanyia kazi, duka moja la kuuzia, na sauti moja ya kusema bei. Mgeni aliyefika hakuweza kumzungusha fundi mmoja dhidi ya mwingine mpaka bei ikaanguka.

Lakini mfano huo una upande wa pili. Vinyago vilipopendwa, miti iliyopendelewa, kama mpingo na muhugu, ikakatwa kupita kiasi, ikawa haba. Katika miaka ya 1990 wachongaji wakahimizwa watumie miti ipandwayo mashambani, kama mwarobaini na mwembe. Fundi wa pinde aanze pale wenzake walipofika baada ya taabu: apande kwanza, ndipo akate.

MTI WATOKA WAPI?

Miti ya jamii ya mkole na mkone yasifiwa kwa pinde katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kwa kuwa hunyumbuka bila kuvunjika upesi. Ikikatwa vizuri juu kidogo ya ardhi huchipuka tena. Mtu mwenye shamba aweza kuipanda mpakani, akawa anavuna fito chache kila mwaka bila kuumaliza mti.

Mahali pa kutokata pajulikane wazi. Makaya ya Wamijikenda yamelindwa kwa miiko ya wazee tangu kale, na kuanzia mwaka 1992 mengi yalitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 baadhi yake, pamoja na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hapana upinde wowote unaostahili fito ya kaya. Katika hifadhi ya Shimba Hills na misitu mingine ya serikali pia haikubaliwi kukata mti bila ruhusa ya wenye mamlaka. Fundi anunuaye mti kwa mtu mwingine amwulize umetoka wapi, na aandike jibu katika daftari.

KUKAUSHA, KUCHONGA NA KUJARIBU

Mithali husema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa upinde ni kinyume chake: usikunjwe mpaka umekwisha kukauka. Mti mbichi ukivutwa hubaki umepinda, na nguvu zake hupotea.

Fito iliyonyoka isiyo na vifundo vingi huondolewa gome kwa uangalifu, na ncha zake mbili hupakwa nta au rangi ili zisipasuke kwa kukauka haraka. Kisha hulazwa kivulini, mahali penye upepo, mbali na mchwa. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo kazi hii haina haraka. Njia nyepesi ya kujua kama mti umekauka ni kuupima kwa mizani kila juma na kuandika uzito. Uzito ukiacha kupungua kwa majuma kadhaa, mti uko tayari.

Katika kuchonga, upande utazamao shabaha usiguswe kwa tezo wala kwa kisu, maana nyuzi za mti zikikatwa upande huo ndipo upinde uvunjikapo. Mti hupunguzwa upande wa ndani, unaomwelekea mvutaji, na kwenda ukipungua toka katikati hadi ncha zote mbili. Kwa mtu mzima avutaye mshale kiasi cha sentimita 71, upinde wa mti mtupu wafaa uwe na urefu wa sentimita 160 au zaidi. Ukiwa mfupi kuliko hivyo huteswa sana, wala haudumu.

Baada ya hapo huja kazi ya subira, nayo ni kuulinganisha mkunjo. Upinde hulazwa juu ya kigingi kilichopigiliwa ukutani, upote ukavutwa chini polepole, na fundi akasimama mbali kidogo autazame. Mkono ulio mgumu hupunguzwa kidogo kwa tupa au kwa kipande cha kioo. Mkono unaopinda mno huachwa kabisa. Upinde usivutwe zaidi ya hapo mpaka mikono yote miwili iwe sawa. Mwisho husuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta ya kitani au nta ya nyuki.

Nguvu ya upinde ipimwe kwa mizani ya ndoana, na hesabu yake iandikwe juu ya upinde wenyewe. Mwanafunzi aanzaye yamtosha ratili 20 hadi 30, yaani kilo 9 hadi 14. Mtu mzima aliyezoea aweza kupewa ratili 35 hadi 45, yaani kilo 16 hadi 20. Kila upinde wa kutumia uvutwe mara mia moja mbele ya fundi kabla ya kuuzwa. Ni heri uvunjike karakanani kuliko mikononi mwa aliyeulipia. Upinde wa pambo nao usiuzwe kama upinde wa kutumia. Uandikwe wazi kuwa si wa kuvutwa.

HESABU

Mafundi wengi hupotea hapa. Na uchukuliwe mfano wa fundi aliyechonga pinde 10. Gharama zake ni hizi:

Miti: shilingi 3,000.
Uzi wa kusokotea pote: shilingi 1,500.
Msasa, mafuta na nta: shilingi 1,500.
Nauli na uchukuzi: shilingi 1,500.
Kuchakaa kwa vyombo: shilingi 500.
Sehemu ya leseni na kodi ya kibanda: shilingi 1,000.
Kazi ya siku 20, kwa shilingi 650 kila siku: shilingi 13,000.
Jumla: shilingi 22,000.

Fundi hugawanya jumla hiyo kwa 10, akaona kila upinde umemgharimu shilingi 2,200. Basi huuza kwa shilingi 2,500, akifurahi kuwa amepata faida ya shilingi 300 kwa kila mmoja. Lakini katika kujaribu, pinde mbili zilivunjika. Zilizouzwa ni 8 tu, nazo zikaleta shilingi 20,000. Fundi huyo amepoteza shilingi 2,000, wala hajui.

Hesabu iliyo sawa hugawanya gharama zote kwa pinde zilizosalimika. Shilingi 22,000 kwa pinde 8 ni shilingi 2,750 kwa kila mmoja. Akiuza kwa shilingi 3,500 atapata shilingi 28,000, na faida halali ya shilingi 6,000 juu ya ujira wake mwenyewe. Bei za soko hubadilika, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki. Kuna watakaosema kwamba siku za kazi zisihesabiwe, kwa kuwa fundi hajilipi mshahara. Hilo ni kosa. Siku aliyoitumia kwenye upinde hakuitumia shambani wala baharini, na watoto wake hula kila siku.

Wahenga walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lenye safu nne latosha, yaani tarehe, kilichotoka, kilichoingia, na pinde zilizovunjika pamoja na sababu ya kuvunjika. Malipo yapokewayo kwa M-Pesa yana faida ya kuacha kumbukumbu, mradi fedha za biashara zisichanganywe na za nyumbani. Mteja atakaye upinde wa kipimo chake atoe arbuni ya nusu ya bei kabla ya kazi kuanza.

WANUNUZI NI AKINA NANI?

Wa kwanza ni wageni wa Diani. Wengi wao husafiri kwa ndege, na ndani ya ndege abiria haruhusiwi kuketi na upinde wala mishale. Hupakiwa pamoja na mizigo mikubwa. Kwa hiyo upinde mfupi wa pambo, uliofungwa vizuri, huuzika kuliko mrefu. Usiwe na gome wala tundu za wadudu, maana nchi kama Australia hukagua vikali vitu vya mti viingiapo.

Lakini mgeni aweza kununua pia kitu asichohitaji kukibeba, nacho ni mafundisho. Fundi mwenye uwanja salama aweza kumfundisha mtu kulenga kwa saa moja, au kumwonyesha jinsi upinde uchongwavyo tangu fito hadi upote. Mafunzo hayo hayamalizi mti hata mmoja, na upinde ule ule hutumiwa na watu wengi.

Pamoja na hayo, atakayewategemea wageni peke yao amejenga juu ya mchanga wa pwani. Kila mwaka wakati wa masika, toka Aprili hadi Juni, wageni hupungua. Mwezi wa Agosti 1997, baada ya wavamizi kukishambulia kituo cha polisi cha Likoni na watu wengi kuuawa katika fujo zilizofuata, mahoteli ya pwani ya kusini yalibaki matupu. Na mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa toka Machi hadi mwisho wa Julai. Kwa hiyo wanunuzi wa humu nchini watafutwe mapema: shule zitakazo mchezo mpya, vilabu vya kulenga shabaha, vikundi vya ngoma, na nyumba za maonyesho ya utamaduni.

SHERIA NA USALAMA

Waliofanya fujo za mwaka 1997 walikuwa na bunduki, mapanga, na pia pinde na mishale. Jambo hilo halikusahauliwa. Fundi wa leo ajue kwamba mkononi mwake mna kitu ambacho jirani aweza kukiona kuwa ni silaha, na kazi yake ni kuondoa shaka hiyo kabla haijaota mizizi. Ni vema amjulishe chifu wake na kituo cha polisi kilicho karibu kwamba anafanya biashara hii. Pinde zisafirishwe zikiwa zimefungwa na bila upote, na mishale iwe mbali nazo. Kila muuzo uandikwe daftarini.

Sumu ya mishale isiguswe kabisa, wala isiuzwe, hata kama ni kwa kuonyesha tu. Mishale ya mchezo iwe na ncha butu au ya kulengea shabaha. Manyoya yake yawe ya kuku au bata wa nyumbani. Kano na ngozi ziwe za ng'ombe au mbuzi, si za mnyama wa pori, kwa maana Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa mtu afanyaye biashara ya viungo vyao bila kibali. Uwanja wa kulenga uwe na kilima cha mchanga nyuma ya shabaha, na mtu yeyote asipite mbele ya wavutaji mpaka pinde zote zimewekwa chini. Upinde usiachiliwe bila mshale, kwa kuwa huweza kupasuka na kumwumiza aliyeushika.

Jina la biashara laweza kuandikishwa serikalini kwa njia ya eCitizen, na leseni ya kufanyia biashara hutolewa na Serikali ya Kaunti ya Kwale.

NAMNA YA KUANZA

Mtu asiache shamba wala ajira yake siku moja. Katika mwaka wa kwanza apande miti, akaushe fito chache, na kuuza pinde kumi au ishirini huku akiandika kila kitu. Mwaka ukiisha, daftari litamwambia kweli ambayo sifa za marafiki haziwezi kumwambia. Ikionekana kuna faida, atafute mafundi wenzake wanne au watano wawe kikundi: mmoja hodari wa pote, mwingine wa mishale, mwingine wa kusema na wateja. Na mzee ajuaye zaidi yao alipwe kwa kufundisha, kwa kuwa ujuzi wake ndio mtaji wa wote.

Wateja wakiongezeka, ndipo hatari ya mwisho itakapofika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi atashawishika kuharakisha, kuchonga mti mbichi, na kuacha kujaribu. Upinde mmoja ukipasuka mkononi mwa mtoto wa shule, utafunga milango ambayo pinde mia nzuri ziliifungua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini ujuzi wa Waata wa kuchonga pinde ulipungua, na ufundi gani mwingine wa Kwale umo katika hatari kama hiyo?
2. Fundi amechonga pinde 12 kwa gharama ya shilingi 27,000, na 3 zimevunjika. Kila upinde uliosalimika umemgharimu kiasi gani?
3. Ni miti gani iliyopo katika mashamba yenu iwezayo kutumiwa bila kugusa kaya wala msitu wa serikali?
4. Wageni wasipokuja kwa miezi minne, kikundi chenu kitamwuzia nani?